Muhuri wa kulipia: wakala wa forodha ananunua heshima au risiti?

Mawakala wa forodha wanaojitegemea katika vituo vya mpakani kama Namanga, Malaba na Rusumo wana swali moja la kujiuliza kila ada ya mwaka inapowadia. Je, uanachama wa kulipia katika taasisi inayotoa muhuri wa uaminifu wa biashara unawaletea wateja, au unawapunguzia mtaji tu?

Swali hilo linamhusu pia mwenye mzigo. Mfanyabiashara wa Kigali anayeingiza kontena kupitia Dar es Salaam au Mombasa humkabidhi wakala, ambaye pengine hajawahi kuonana naye, hati zote za mzigo na mara nyingi fedha za ushuru pia.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humhesabu wakala aliyeidhinishwa kama mwenye mzigo na kumtaka awajibike kwa ushuru. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo haimwachi huru mwenye mzigo, kwani matendo ya wakala wake katika forodha humrudia. Aliyeangukia mikononi mwa tapeli anaweza kujikuta akilipa ushuru mara mbili, huku gharama za kuhifadhi kontena zikipanda kila siku.

Tangu kuanza kwa Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, mawakala wa nchi moja mwanachama wameruhusiwa kushughulikia mizigo katika nchi nyingine. Biashara imepata wepesi, lakini umbali kati ya mteja na wakala umeongezeka. Katika umbali huo ndipo muhuri wa kulipia unapopata soko.

Ada na ishara

Wachumi walilichambua tatizo hili zamani. George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, vizuri hukimbia soko. Mwaka 1973 Michael Spence alieleza kuwa ishara ya ubora husaidia pale tu inapomgharimu mbaya kuliko inavyomgharimu mzuri. Wawili hao, pamoja na Joseph Stiglitz, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Kwa kipimo hicho, ada peke yake ni ishara dhaifu. Wakala mwadilifu na kishoka asiye na ofisi hulipa kiasi kile kile. Pengine kishoka ndiye atakayelipa haraka zaidi, kwa kuwa mteja mmoja aliyenaswa humrudishia ada yote na faida juu yake.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Better Business Bureau, mtandao ulioanza mwaka 1912, hupokea malalamiko ya wateja na kuzipa kampuni alama, lakini pia hutoza ada kampuni zinazotaka kutambuliwa rasmi. Novemba 2010 televisheni ya ABC ilitangaza kwamba tawi la eneo la Los Angeles lilitoa alama za juu kwa biashara za kubuni zilizolipa dola 425. Mojawapo ilikuwa imepewa jina la Hamas.

Baada ya aibu hiyo, mtandao huo uliacha kuongeza pointi kwa sababu tu kampuni imelipa, na mwaka 2013 ukalifukuza tawi lililohusika. Aliyepata hasara kubwa hapo ni mwanachama halali, ambaye muhuri wake ulitiliwa shaka bila kosa lolote.

Karatasi tatu tofauti

Mpakani, mteja huonyeshwa karatasi za aina tatu zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni leseni ya forodha inayotolewa na mamlaka ya mapato. Hiyo ni lazima kisheria, hutolewa upya kila mwaka na inaweza kufutwa.

Ya pili ni cheti cha mafunzo. Kinachofahamika zaidi ni kile cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 2007 na mamlaka za mapato pamoja na vyama vya mawakala vilivyo chini ya shirikisho lao, FEAFFA. Hiki hupatikana kwa kusoma na kufaulu mitihani, na mtihani haufaulu kwa wepesi wa mfuko.

Ya tatu ni uanachama. Hapa pia kuna tofauti. Chama cha kitaaluma huwapa wanachama taarifa za mabadiliko ya ushuru, huwasemea mbele ya serikali na kinaweza kumwita mwanachama aliyelalamikiwa. Taasisi inayouza muhuri tu hutoa picha ya kubandika kwenye kadi ya biashara.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka, na wakala hubakiwa na shilingi 50,000 kwa kila mzigo baada ya gharama. Anahitaji mizigo 12 ambayo asingeipata bila muhuri huo, ili fedha yake irudi tu. Wakala anayewauliza wateja wapya waliompataje atajua mapema kama mizigo hiyo ipo.

Kwa anayeanza, ambaye hana jina wala wateja wa kumdhamini, uanachama wa chama chenye meno unaweza kumfungulia mlango. Cha kuangalia kabla ya kulipa ni mambo matatu: je, chama hukataa baadhi ya waombaji, kimewahi kumfukuza mwanachama, na je, mteja anaweza kuthibitisha uanachama bila kumpitia wakala mwenyewe? Kama majibu yote ni hapana, kinachouzwa ni risiti.

Kwa mwenye mzigo, uthibitisho wa kwanza hauna gharama. Mamlaka za mapato za Tanzania, Kenya na Uganda huchapisha majina ya mawakala wenye leseni. Ni busara pia kulipa ushuru moja kwa moja benki kwa namba ya malipo iliyotolewa na forodha, badala ya kumpa wakala fedha mkononi.

Nao wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, wanaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Wengi wao hawahitaji wakala kabisa, awe na muhuri au asiwe nao.