Onyo la kazi halitumwi kwenye kundi la WhatsApp

Kampuni moja ya Dar es Salaam imewatangazia wafanyakazi wake kwa waraka kwamba ubao wa matangazo umeondolewa na barua za ndani zimesitishwa. Kuanzia sasa zamu, uhamisho, maelekezo ya kazi, hata maonyo ya nidhamu, vyote vitatolewa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Tiki mbili zikigeuka bluu, mfanyakazi atahesabiwa amepokea. Zisipogeuka, atahesabiwa amepuuza.

Huu ni uamuzi mbaya, na nasikitika kuona ofisi nyingine zikianza kuuiga bila hata kuandika waraka.

Wanaoutetea wana hoja zao. Kundi ni la haraka, linaokoa karatasi, na msimamizi aliye Mbagala anampata dereva aliye Chalinze kwa dakika moja. Hilo ni kweli. Wanasema kila mtu ana simu, lakini walinzi na wahudumu wengi bado wana kitochi, na mwenye simu janja naye huishiwa bando ambalo kampuni haimnunulii. Wanasema pia kwamba sheria imeshayakubali maandishi ya kielektroniki. Hoja hiyo ina uzito, nami nitairudia, maana ndiyo inayowaangusha.

Sina ugomvi na kundi lenyewe. Gari likiharibika njiani, andika kwenye kundi. Mkutano ukisogezwa mbele, andika. Mwenzetu akifiwa, hapo ndipo pa kupashana habari na kuchangishana. Mazungumzo ya aina hiyo yamekuwepo ofisini tangu zamani, kwenye korido na kwenye meza ya chai, na kazi haiendi bila hayo. Lakini kuna maneno yanayobadilisha haki ya mtu: onyo, uhamisho, wito wa kikao cha nidhamu, kusimamishwa, kuachishwa. Hayo yana njia yake, na njia hiyo haikuwekwa kwa mapambo.

Itazame barua ya kawaida ya kiofisi. Juu ina namba ya kumbukumbu na tarehe. Chini ina jina, cheo na saini ya aliyeiandika, kisha orodha ya waliopewa nakala. Mhudumu anaileta pamoja na kitabu cha dispachi, unasaini kwamba umeipokea siku fulani, nakala inaingia kwenye jalada lako, na ya kwako unakwenda nayo nyumbani. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuibadilisha peke yake. Mwajiri akidai alikuonya, ataionyesha. Ukidai hukuonywa, jalada litasema. Pande mbili zinashika karatasi moja.

Sasa litazame kundi. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 za mwanzo. Aliyeuandika anaweza kuufutia watu wote kwa zaidi ya siku mbili baada ya kuutuma. Admini anaweza kufuta hata ujumbe wa mtu mwingine. Kundi linaweza kupangwa ujumbe wake utoweke wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Na katika kundi la ofisi, admini ni nani? Ni meneja huyohuyo anayetoa onyo. Mtu mmoja ndiye mwandishi, ndiye mtunza jalada, na ndiye mwenye kufuta. Mfanyakazi amebaki na nini? Na simu, ambayo huenda ikawa ya kampuni yenyewe. Dereva au mtu wa mauzo aliyepewa simu ya ofisi huirudisha siku anayoachishwa kazi, pamoja na laini, na ushahidi wake wote unaondoka nayo.

Hapa ndipo hoja ya sheria inapowageukia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haikusema kila kilichochapwa kwenye simu ni maandishi. Inataka taarifa hiyo iweze kufikiwa na kutunzwa kwa ajili ya marejeo ya baadaye. Serikali yenyewe inaendesha mfumo wa Ofisi Mtandao, ambamo jalada ni la kielektroniki, lakini bado ni jalada. Kwa hiyo msituambie tunaogopa teknolojia. Tunachouliza ni nani anashika kumbukumbu, na mfanyakazi anaifikiaje siku akiihitaji.

Na siku hiyo huja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya kuachisha kazi iwe ya maandishi, itaje sababu na itaje tarehe iliyotolewa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa namna na lugha anayoielewa, kisha ampe muda wa kujiandaa kabla ya kikao, ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Anayelalamika kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Saa 48 tangu lini? Siku 30 tangu lini? Tarehe ndiyo kesi yenyewe. Mtu aliyetolewa kwenye kundi asubuhi, baada ya ujumbe ulioandikwa usiku na kufutwa alfajiri, ataanza kuhesabu wapi?

Mwajiri naye asijidanganye. Mbele ya Tume, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu. Akienda na picha ya skrini, atajibu maswali ambayo nakala ya barua iliyosainiwa ingeyamaliza mara moja.

Nimeonyeshwa kundi la ofisi moja. Saa nne na nusu usiku meneja ameandika kwamba watu watatu, kwa majina, walete maelezo kesho asubuhi kwa nini hesabu zao hazijakamilika. Juu ya ujumbe huo kuna tangazo la mchango wa harusi. Chini yake kuna rambirambi, kisha mlolongo wa vidole gumba vya wenzao wanaotaka kuonekana wamesoma. Mmoja wa wale watatu ni mama mtu mzima, na vijana aliowafundisha kazi wamesoma onyo lake kabla yake. Amejibu, "Sawa bosi, nimepokea." Hakuwa na jibu lingine la kutoa mbele ya watu arobaini. Hayo mnayaita mawasiliano? Mtu anaaibishwa hadharani, kwa saa ambazo sheria imempa za mapumziko, kisha jibu lake linahesabiwa kuwa ni kukubali kosa! Sheria ileile ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ufaransa, tangu 2017, kampuni kubwa zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutosumbuliwa kwa simu za kazi baada ya saa za kazi. Kwetu tungeanza na kuiheshimu sheria tuliyonayo.

Waraka ule ufutwe. Kundi libaki kwa habari za haraka, ubao urudi ukutani, na kila kinachogusa ajira ya mtu kiende kwake peke yake, kwa maandishi, kwa saini. Tawi la chama cha wafanyakazi lisisubiri mtu aachishwe ndipo lianze kuuliza. Na kwa sasa, anayeonywa kwenye kundi aandike barua yake mwenyewe: ameona nini, kimeandikwa na nani, siku gani, saa ngapi, na jibu lake ni lipi. Apeleke nakala mbili kwa ofisa rasilimali watu, moja irudi mkononi mwake ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuigonga muhuri, aitume kwa rejista Posta na atunze risiti.