AFYA YETU: Fimbo Ishikwe kwa Mkono Upi?



Simama Holili, kando ya barabara iendayo Taveta. Utaona watu wengi wakipita. Wengine wamebeba mizigo. Wengine wanasukuma baiskeli. Utaona pia wazee wanaochechemea. Mzee mmoja anaumwa nyonga ya kulia. Ameshika fimbo kwa mkono wa kulia, na anaegemea upande huo huo unaouma.

Je, ameshika sawasawa? Hapana. Anayeumwa nyonga ya kulia ashike fimbo kwa mkono wa kushoto. Anayeumwa nyonga ya kushoto ashike kwa mkono wa kulia.

Kwa nini iwe hivyo? Jaribu mwenyewe. Simama wima. Weka kiganja cha kulia kwenye nyonga ya kulia, kwa ubavuni. Sasa inua mguu wa kushoto. Utasikia misuli chini ya kiganja inakaza. Inazuia kiuno kisilale kushoto.

Kila unapopiga hatua, mwili husimama kidogo juu ya mguu mmoja. Hapo nyonga huwa kama mzani. Upande mmoja, uzito wa mwili unavuta chini. Upande wa pili, misuli nayo inavuta. Kiungo cha nyonga kiko katikati, kinabeba vyote viwili. Kwa hiyo hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wako.

Fimbo ya mkono wa pili hushikilia ule upande unaovutwa chini. Misuli hupata nafuu. Kiungo kinachouma hubeba mzigo mdogo zaidi.

Fanya hivi:

1. Vaa viatu, simama, acha mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono.

2. Chini ya fimbo funga kipande cha mpira wa gari, isiteleze.

3. Fimbo na mguu unaouma viende mbele pamoja.

4. Ukipanda kilima, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu unaouma.

5. Ukibeba ndoo ndogo kwa mkono, ibebe upande wa nyonga inayouma. Mzigo mzito mwachie mwenzako.

Usione aibu kutumia fimbo. Mtu akiudekeza mguu mmoja kwa miezi mingi, misuli ya mguu huo hunywea. Mgongo na mguu wa pili huchoka. Lakini kumbuka, fimbo inapunguza maumivu tu. Haiponyi ugonjwa. Nenda ukapimwe ujue chanzo chake.

Mambo mengine hayangoji. Mzee akianguka, akashindwa kusimama, tazama miguu yake. Kama mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Usiuvute mguu huo. Usiukande. Weka nguo katikati ya miguu, kisha ifunge pamoja kwa kanga. Mlaze juu ya ubao, apelekwe hospitali. Asipakiwe kwenye pikipiki.

Mtoto akichechemea na ana homa, mpeleke siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani ya kiungo. Usaha huo unaweza kuharibu nyonga kwa siku chache tu. Mtoto anayechechemea bila homa apimwe pia, hata akisema goti ndilo linalouma. Mara nyingine ugonjwa uko kwenye nyonga, lakini maumivu husikika gotini.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tatizo likiwa kubwa, utaandikiwa kwenda mbele. Mjini Moshi iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo wako madaktari wa mifupa. Tangu mwaka 1981 kuna pia chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia kutembea.

Leo jioni mtazame baba, mama, bibi au babu anapotembea. Mpe shikamoo, kisha msomee ukurasa huu. Mpimie fimbo yake.

Zoezi: Bibi anaumwa nyonga ya kushoto. Anashuka mlima kwenda sokoni na kikapu kidogo. Fimbo ashike kwa mkono upi? Kikapu abebe kwa mkono upi? Atangulize mguu upi?