Boti ya likizo: Jaketi zipo, muziki upo, ila mkiruka majini nani anawahesabu?

Msimu umefika. Fungua stetasi za WhatsApp wiki hii, hutakosa tangazo la aina hii: boti, fungu la mchanga mweupe, samaki wa kuchoma, vituo viwili vitatu vya kuogelea, bei ya mzawa, watoto nusu. Asubuhi mnaondoka, jioni mmerudi, na simu imejaa picha.

Dar wanaenda Mbudya na Bongoyo. Unguja wanatoka Fumba kuingia Ghuba ya Menai, au wanaelekea Mnemba. Kenya wanapandia Shimoni kwenda Wasini na Kisite. Mahali ni tofauti, mpango ni ule ule.

Ni starehe nzuri na sitaki kumharibia mtu likizo. Lakini kuna swali ambalo matangazo hayajibu na sisi wateja hatuulizi. Mkisharuka majini, nani anawahesabu?

"Wote mmo?" "Tumo!"

Mimi nilianza kuuliza baada ya safari moja ya Menai. Tulikuwa abiria 19, nahodha, na mabaharia wawili. Mmoja wa mabaharia ndiye alikuwa mpishi.

Kituo cha pili cha kuogelea kilikuwa karibu na mwamba. Tukaruka. Baada ya kama nusu saa nahodha akaita, "Jamani, wote mmo?" Mtu mmoja akajibu kwa sauti, "Tumo!" Mashine ikawashwa.

Boti ilikuwa imeshaanza kusogea pale mama mmoja aliyekaa mbele aliposimama. "Nahodha, subiri kwanza! Mwanangu simuoni."

Kijana alikuwa upande wa pili, mita kama 50 hivi. Amevaa miwani na mrija wa kupumulia, uso uko ndani ya maji, anaangalia samaki. Hakusikia mashine wala kelele zetu. Tukamfuata, akapanda anacheka, hajui lolote. Mama yake alimshika mkono mpaka tulipofika Fumba.

Iliisha vizuri, kwa hiyo haikuwa habari. Lakini aliyemuokoa yule kijana ni mama yake. Angekuwa amekuja na washkaji, au peke yake, sijui nani angesimama.

Tunakagua mwanzo wa safari, basi

Tusiseme hakuna usimamizi. Bara kuna Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Chombo kinatakiwa kikaguliwe, kiwe na leseni, kiwe na vifaa vya kuokolea, na kisizidishe abiria. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa.

Haya yote ni muhimu na yametokana na machungu. 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa watu 101, lakini waliokufa tu walizidi 220.

Unakumbuka swali la kwanza la siku zile? Walikuwa wangapi? Ndugu wamejaa ufukweni, redio zinatangaza namba hii, kesho namba nyingine. Nchi hii inajua vizuri maumivu ya chombo ambacho idadi ya watu wake haijulikani.

Sasa ona tofauti. Abiria wa kivuko anapanda mara moja, anashuka mara moja. Abiria wa boti ya matembezi anashuka na kupanda mara tatu au nne kwa siku, katikati ya bahari, bila tiketi, bila geti, bila karani. Mkiondoka ufukweni mlihesabiwa, sawa. Lakini ile hesabu inafutika dakika ya kwanza mtu anaporuka.

Kwa maneno mengine, kila kituo cha kuogelea ni safari mpya, na sisi tunaichukulia kama mapumziko ya safari ile ile.

Australia walijifunza kwa uchungu

Kuachana na mtu majini kumeshatokea, tena kwenye nchi yenye sheria kali na utalii wa miaka mingi.

25 Januari 1998, Wamarekani wawili, mke na mume, Tom na Eileen Lonergan, walikuwa kwenye boti ya wapiga mbizi iliyotoka Port Douglas, Queensland. Kituo cha mwisho walizama na wenzao. Hesabu ya kurudi ilikosewa, boti ikaondoka. Iligundulika siku mbili baadaye, begi lenye vitu vyao lilipokutwa bado limo ndani ya boti. Msako mkubwa ukafanyika na hawakupatikana.

Boti ile haikuzama na haikuzidisha abiria. Kilichowaua ni namba iliyokosewa. Baada ya hapo, kuhesabu watu na kuandika idadi kabla ya boti kuondoka kukawa ni takwa la kisheria Queensland.

Jambo lenyewe linahitaji kalamu na karatasi.

Maji yenyewe hayakai mahali pamoja

Mtu anaweza kusema: nitapoteaje wakati boti naiona ile pale? Ukweli ni kwamba ukiwa na miwani na mrija, hauioni. Unaangalia chini.

Pwani yetu maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa Zanzibar inaweza kufika kama mita nne. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na kwenye mikondo kati ya visiwa na miamba hupita kwa nguvu, hasa katikati ya kupwa na kujaa. Boti imetia nanga, haiendi. Wewe unaelea, unaenda. Dakika 20 za kuangalia samaki zinakutosha kuwa mbali bila kupiga hata mkono.

Ongeza upepo wa kusi wa miezi hii ya katikati ya mwaka, ongeza mawimbi madogo yanayoficha kichwa cha mtu, ongeza jua la kuumiza macho. Baharia asiyekuangalia wewe kwa makusudi hawezi kukuona.

Jambo lingine: anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Mdomo unatafuta hewa, mikono inasukuma maji chini ili kichwa kibaki juu. Hana nafasi ya kupunga mkono wala kuita. Ukiwa juu ya boti, na muziki umefunguliwa, utadhani anacheza.

Mgeni ana bima, mwenyeji hana hata ujuzi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu wapatao 300,000 hufa maji duniani kila mwaka, na Afrika iko kwenye hali mbaya zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa uliitenga 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama.

Kwetu kuna ukweli tunaouonea aibu: wengi wetu hatujui kuogelea. Umezaliwa Temeke, bahari unaiona kila wiki, lakini shule uliyosoma haikuwa na bwawa na nyumbani uliambiwa usisogelee maji. Kwa wasichana ni zaidi. Ndiyo maana mradi wa Panje pale Nungwi, uliofundisha wasichana na kina mama kuogelea wakiwa wamejisitiri, ulivuma mpaka nje, na picha zake zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Msichana wa kijiji cha bahari kujifunza kuogelea ilikuwa habari ya dunia.

Sasa watu hawa hawa ndio utalii wa ndani unaowaita kwenye boti. Ni jambo jema. Mbudya si ya Wazungu peke yao. Lakini mpango wa vituo vya kuogelea umekopwa mzima mzima kutoka kwenye safari za wageni, ambao wengi wao wamefundishwa kuogelea tangu utotoni.

Zaidi ya hapo, tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya dola 44. Mimi na wewe hatudaiwi hiyo, na wengi wetu hatuna nyingine. Anayejua kuogelea ana bima, asiyejua ana fulana ya kupigia picha.

Bei poa inatoka wapi?

Zanzibar pekee ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Soko limekua, na boti zimekuwa nyingi kuliko wateja wa siku. Hapo ndipo vita ya bei inapoanza.

Fuata pesa yako. Papasi aliyekuleta ana chake. Mwenye ofisi au hoteli ana chake. Mafuta hayapungui bei. Ada ya eneo la hifadhi ipo. Samaki lazima wanunuliwe, na tangazo lilisema na kamba watakuwepo. Mwenye boti akitaka kushusha bei, kilichobaki cha kupunguza ni watu wa kazi.

Kwa hiyo baharia wa tatu haji. Aliyebaki anatia nanga, anagawa miwani, anawasha mkaa, anageuza samaki, anawapiga picha. Nahodha yuko kwenye mashine. Na ninyi 19 mko majini.

Hii ndiyo sehemu ya kufikiria. Tunalalamika juu ya uzembe wa mabaharia, wakati uzembe wenyewe tumeununua kwa kuomba punguzo.

Nahodha naye ana yake

Tuwe wakweli. Manahodha wengi wa boti hizi ni wavuvi au watoto wa wavuvi. Wanaijua bahari kuliko mkaguzi yeyote, na safari nyingi huisha salama kwa sababu yao.

Tena wana malalamiko ya haki. Abiria anapewa jaketi okozi, anavua kwa sababu linaharibu picha. Anaambiwa asiende upande ule, anaenda. Anaulizwa kama anajua kuogelea, anasema ndiyo kwa sababu shemeji yake anasikiliza. Nahodha akikaza, jioni anaandikiwa maoni mabaya mtandaoni kwamba ana mdomo.

Ndiyo maana jambo hili halipaswi kuachiwa ukali au upole wa nahodha mmoja. Likiwa sharti la leseni kwa boti zote, hakuna atakayepoteza mteja kwa kulifuata.

Masharti matatu yasiyo na gharama

TASAC na ZMA wakitaka kuanza, wana pa kuanzia.

Kwanza, idadi iandikwe kila kituo: walioshuka wangapi, waliorudi wangapi, mashine isiwashwe mpaka namba zilingane. Au kila abiria apewe kibao chenye namba, akitoka anakitundika, akirudi anakichukua. Kibao kikibaki, mtu amebaki.

Pili, kila watu wakiwa majini, baharia mmoja awe na kazi moja tu, kuwatazama. Asichome samaki.

Tatu, asiyejua kuogelea aingie majini na jaketi lililofungwa, na boti iwe na kamba na boya la kurusha karibu na mkono, siyo chini ya mabegi.

Wewe uliza haya kabla hujatuma hela

Mabaharia ni wangapi, na mpishi ni nani kati yao? Boti ina leseni ya kubeba abiria wangapi, na leo tuko wangapi? Kuna jaketi la saizi ya mtoto? Tukiogelea, maji yatakuwa yanajaa au yanapwa? Mnahesabuje watu?

Akikujibu vizuri, mlipe bei yake bila kuomba ashushe. Akikwambia "usiwe na wasiwasi, sisi wazoefu," tafuta boti nyingine. Ziko nyingi.

Mkiwa huko, kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia. Na nahodha akiuliza kama wote mmo, usiwajibie watu 18. Sema wewe upo, kisha geuka umtafute mwenzako.