Mwacheni na PS2 Yake

Wajameni, Jumamosi iliyopita nimeumbuka.

Nilimwalika rafiki yangu nyumbani tucheze mpira, ule wa kwenye gemu. Nilijibana miezi kadhaa nikanunua mashine mpya, basi nilitaka kuringa kidogo. Tukawasha. Gemu ikasema haichezeki mpaka ipakue maboresho, gigabaiti 38. Nikaunga bando. Tukakaa tunautazama ule mstari unavyosogea kama foleni ya Mbagala siku ya mvua. Kufika asilimia 61, bando likakata.

Rafiki yangu akainuka. "Twende kwa Anko."

Anko ana kibanda cha bati Mwananyamala. Mabenchi mawili, TV mbili za chogo na PS2 mbili zilizobanduka rangi. Mechi shilingi mia mbili, aliyefungwa anapisha. Lenzi za kusomea CD zilikufa zamani, fundi kamwekea gemu zote kwenye flash. Unawasha, unachagua timu, unacheza. Dogo mmoja wa miaka kumi na moja akanipiga 4-1, halafu akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kushika pedi.

Jumatatu nikawasimulia wenzangu kazini. Mmoja akacheka: "Huo ni umaskini tu, wangekuwa na hela wangenunua mpya." Mwingine akasema ni kukumbuka utoto. Nimelifikiria hili wiki nzima, na naona wote wawili wameishia njiani.

Tuanze na umaskini. Hela ina sehemu yake, sibishi. Lakini Novemba 2016 Nintendo waliirudisha mashine yao ya miaka ya 1980 kwa umbo dogo, ikiwa na gemu 30 ndani yake, na huko Marekani ikawa inaisha madukani kila ikiingia. Pale Akihabara, Tokyo, kuna maduka yanayoishi kwa kuuza mashine na kaseti za zamani. Nao hawana hela?

Na kukumbuka utoto? Sony waliitoa PS2 mwaka 2000, wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Yule dogo alizaliwa mashine imeshaacha kutengenezwa. Anakumbuka nini?

Mimi naona sababu ni nyingine. Mashine ya zamani ukishainunua ni yako. Haiulizi kama una intaneti, haidai akaunti, haisubiri ruhusa ya mtu aliyeko ng'ambo ndipo ikuruhusu kucheza na jirani yako. Hizi mpya mara nyingi tunalipia kitu ambacho mwenyewe anaweza kukichukua siku yoyote. Waulize walionunua The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014. Machi 31, 2024 kampuni ilizima seva zake, na gemu ikafa hata kwa aliyekuwa na CD yake halali mkononi. Watu walikasirika mpaka ikazaliwa kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa na sahihi zaidi ya milioni 1. Milioni moja, kwa ajili ya kudai kitu ambacho Anko anacho bure pale kibandani!

Si hilo tu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kihalali popote. Mwaka huohuo Nintendo walifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U. Kwa hiyo hizi mashine kuukuu, pamoja na vibanda na mafundi wao, ndizo zinazotunza kitu ambacho wenye kampuni wamekitupa.

Najua mtaniambia: gemu za Anko ni za kunakili. Kweli, na siitetei hiyo. Lakini niambieni nikanunue wapi PES 6 halali leo. Mtaniambia tena vibanda vinatorosha watoto shule. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana namheshimu Anko, mwenye sare haingii kwake. Tatizo hilo linatibiwa kwa wenye vibanda kuwa na msimamo. Kuibeza mashine hakusaidii kitu.

Nimalizie na hili. Jana nilirudi pale na memori kadi ya kaka yangu, ile ya MB 8 tuliyokuwa tunatembea nayo mfukoni kama kitambulisho. Imekaa droo ya mama miaka yote hii. Anko akaipuliza vumbi, akaichomeka. Timu ya kaka ikafunguka: ile aliyoipa jina la mtaa wetu, Adriano mbele, msimu umefika katikati, yuko nafasi ya pili. Kaka yuko Muscat, mwaka wa sita sasa hajarudi. Nikampigia picha ile skrini nikamtumia.

Akajibu hapohapo: "Usiguse mechi hata moja. Nakuja kumalizia mwenyewe."

Akaunti yangu ya mtandaoni sina hakika itakuwepo miaka ishirini ijayo. Memori kadi nimeirudisha droo ya mama.

Wewe una mashine gani ya zamani uliyogoma kuitupa, na kwa nini?