ELIMU YA NYUMBANI: Uonapo Mwanga Angani, Ondoka Dirishani

Wazee wa pwani walisema kimondo ni kijinga cha moto arushiwacho shetani. Wataalamu hutwambia ni jiwe litokalo anga za juu, ambalo huwaka liingiapo hewani kwa kasi kubwa. Mengi ni madogo kama punje ya mchanga, nayo huteketea huko huko juu.

Machache hufika chini. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha Mbale, Uganda, mchana kweupe. Kipande kisichotimia gramu 4 kilimpiga kijana kichwani. Majani ya mgomba yalikuwa yamekwisha kukipunguza kasi, naye hakuumia.

Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, jiwe la upana upatao mita 20 lilipasuka angani, kiasi cha kilomita 30 juu. Watu walipoona mwanga walikimbilia madirishani. Lakini mshindo hauendi upesi kama mwanga; ulifika mjini baada ya dakika mbili na zaidi, ukavunja vioo. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vigae vya vioo hivyo. Mwalimu mmoja aliwaamuru wanafunzi wake 44 wajifiche chini ya madawati. Wote walisalimika, yeye alikatwa mkononi.

Je, mwanadamu hana silaha? Anayo, ingawa ni changa. Novemba 2021 Marekani ilirusha chombo kiitwacho DART. Roketi yake iliunguza mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yaliyosafishwa mno, pamoja na oksijeni iliyopozwa hata ikawa majimaji. Jiko la nyumbani hupata hewa pembeni mwake. Roketi huenda pasipo hewa, basi hujichukulia yake. Septemba 2022 chombo hicho, kisicho na baruti, kililigonga jiwe Dimorphos. Mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa dakika zipatazo 32.

Hata hivyo, silaha hiyo hufaa kwa adui aliyeonekana miaka kabla. Lile la Chelyabinsk lilitokea upande wa jua, na hakuna aliyeliona likija.

Kwa hiyo wafundisheni watoto, kambini na majumbani: mwanga mkubwa ukimulika angani, usisimame kutazama. Jitenge na vioo, lala chini au ingia chini ya meza, ukangoje mshindo upite. Mlinzi hodari hajui kupigana tu. Ajua pia kujikinga.