Dogo, hebu sogeza hiyo

MACHO YA GETINI na Shabani Mwinyikondo

Juzi nilifuata mifuko kumi ya saruji kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere. Dereva wa foklifti alikuwa ameenda chai. Supavaiza akamgeukia kibarua mmoja, kijana wa kandambili: "Dogo, hebu sogeza hiyo." Ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale. Dogo akapanda, meno yote nje.

Alikata usukani kama yuko kwenye bajaji. Mbele kulipita salama. Nyuma kukaparua mifuko iliyopangwa, mmoja ukapasuka, vumbi likatimka. Watu wakacheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mama aliyesimama hatua mbili kutoka hapo na ndoo yake ya maandazi.

Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Mkia ndio unaotupwa nje, na mkia huo ni pande la chuma la kusawazisha mzigo. Ile ya kunyanyua tani mbili na nusu, yenyewe tu hukaribia tani nne. Ikianza kupinduka, asiyefundishwa huruka, na paa humfuata hukohuko chini. Aliyefundishwa amefunga mkanda. Hung'ang'ania usukani na kuegemea upande wa pili. Mwili wenyewe hautaki kufanya hivyo, ndiyo maana hufundishwa.

Tumezoea kusema vijana wana papara. Huyu aliyeokotwa getini saa moja asubuhi, na kesho atasimama tena getini akiomba achaguliwe, atamkatalia supavaiza kwa mdomo gani? Kwake "sogeza hiyo" ni kupandishwa cheo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na mafunzo ni mzigo wa mwajiri. Marekani, ukitoa mashambani, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuendesha foklifti, na dereva hupimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Mimi naomba jambo dogo kuliko hayo: dereva akienda chai, ufunguo aende nao mfukoni.

Nilimwambia supavaiza hivyo. Akanijibu kwamba kuna siku dereva aliondoka nao hadi kwake Mbagala, wakashinda wanabeba mifuko kwa mabega mpaka magharibi.

Basi na wabebe.