Kiwanda Hakikupiga Picha

Picha nyingi tunazotumiana zina jina la simu pembeni: Xiaomi, Tecno, Infinix. Hata picha ya jeneza la bibi yangu imelibeba. Kiwanda kimeshalipwa hela ya simu, bado kinatangaziwa bure msibani! Kuizima chapa hiyo kwenye mipangilio ya kamera ni sekunde chache, lakini nani anajali?

Mpiga picha wa harusi akiandika jina lake dogo pale chini, ndipo tunapoona linaharibu picha. Tunalikata, au tunalifuta kwa kidole kama tunavyofuta wapita njia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamtambua mtu aliyeiumba kazi. Basi nikikuta picha yake kwa muuza keki, jina halipo, nauliza hapohapo hadharani: kaipiga nani? Wananiita mnoko. Wiki hii nimeuliza mara tatu.